Art Davis: Mpiga besi aliyetaka asikilizwe bila kuonwa

WAPENZI wa jazi wanamkumbuka Art Davis kama mpiga besi aliyeshirikiana na John Coltrane, Max Roach na Dizzy Gillespie. Hata hivyo, vita vilivyogharimu sehemu kubwa ya maisha yake havikuwa vya jazi. Vilikuwa vya kutafuta kiti kimoja tu katika okestra ya simfoni, na kiti hicho hakukikalia hadi alipofariki dunia.

Arthur David Davis alizaliwa Desemba 5, 1934 katika mji wa Harrisburg, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka mitano, kisha akapiga tuba, na mwaka 1951 akaichukua besi kubwa ya nyuzi, ile ambayo wapenzi wa taarabu asilia ya Zanzibar huiona ikipigwa na mtu aliyesimama nyuma ya wapiga fidla. Baadaye alisoma katika shule mashuhuri za muziki za New York, zikiwamo Juilliard na Manhattan School of Music.

Katika jazi milango ilifunguka mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na Roach, kisha Gillespie. Mwaka 1961 Coltrane aliporekodi albamu ya Africa/Brass, alitaka besi mbili zisikike kwa pamoja, na Davis akawa mmoja wa wapigaji hao wawili. Mwaka 1965 alikuwamo pia katika albamu ya Ascension. Wakati huo huo alikuwa akipata kazi katika okestra za vituo vya televisheni mjini New York, ambako mwanamuziki hupewa karatasi ya nota na kutakiwa aipige hapo hapo bila kukosea.

Pamoja na sifa zote hizo, okestra kubwa ya simfoni ilibaki nje ya uwezo wake. Ni kweli kwamba jambo hilo ni gumu kwa kila mpiga besi. Okestra kubwa huwa na wapiga besi wanane au tisa tu, na aliyepata nafasi huweza kuishikilia hadi anapostaafu. Nafasi moja inapotangazwa, wapigaji hutoka kila upande wa nchi, kila mmoja akisafirisha chombo kinachomzidi kimo, ili apige kwa dakika chache vipande vigumu vya Beethoven, Mozart au Richard Strauss. Noti moja iliyoteleza inatosha kumrudisha nyumbani.

Kwa mwanamuziki mweusi wa wakati huo kulikuwa na jambo jingine zaidi ya ugumu huo. Okestra ya New York Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1842, ilipata mwajiriwa wake wa kwanza wa kudumu mwenye asili ya Afrika mwaka 1962, naye ni mpiga fidla Sanford Allen. Katika safu ya besi, mwanamke Orin O'Brien aliajiriwa mwaka 1966, lakini mtu mweusi hakuwamo.

Mwaka 1969 Davis, akiwa pamoja na mpiga sello Earl Madison, aliwasilisha malalamiko dhidi ya okestra hiyo mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Jiji la New York. Walidai kwamba walinyimwa kazi kwa sababu ya rangi yao. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: pazia litundikwe, wao wapige nyuma yake wakishindanishwa na wapigaji wengine, na waamuzi wachague kwa masikio peke yake. Okestra kwa upande wake ilikana kubagua na kushikilia kwamba uteuzi ulikuwa suala la kisanaa.

Uamuzi ulitolewa mwaka 1970. Tume haikuridhika kwamba kulikuwa na ubaguzi katika ajira za kudumu, lakini iliona kwamba ubaguzi ulikuwapo katika kuwapata wapigaji wa muda, ambao aghalabu waliitwa kwa njia ya kujuana. Kwa Davis huo ulikuwa ushindi wa nusu, na nusu hiyo haikumpa kiti.

Gharama yake haikukawia kuonekana. Mwanamuziki aliyekuwa akigombewa na studio alijikuta simu yake haiiti. Badala ya kukata tamaa, alirejea masomoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitunukiwa shahada ya uzamivu katika saikolojia ya tiba na Chuo Kikuu cha New York. Kabla ya hapo, mwaka 1976, alikuwa amechapisha kitabu cha mbinu zake za kupiga besi kwa kutumia vidole vyote vinne vya mkono wa kushoto. Katika miaka ya 1980 alihamia California, akawa daktari wa saikolojia, mwalimu na mwanamuziki kwa wakati mmoja. Miaka ya 1990 alianzisha mfuko wa kuwasaidia wanafunzi.

Pazia alilolidai lilitundikwa. Kuanzia miaka ya 1970 okestra nyingi za Marekani zilianza kuwasikiliza wasailiwa wakiwa wamefichwa, angalau katika hatua za mwanzo, na wanawake ndio walioongezeka zaidi. Kwa weusi mabadiliko yamekuwa madogo. Takwimu za umoja wa okestra za Marekani zilionyesha kuwa mwaka 2014 walikuwa asilimia 1.8 tu ya wanamuziki wa okestra hizo. Pazia huficha sura ya aliyefika jukwaani, lakini halimlipii ada ya mwalimu, halimnunulii besi wala nauli ya kwenda kwenye usaili. Labda ndiyo maana Davis, ambaye yeye mwenyewe hakunufaika na pazia, alielekeza nguvu zake za mwisho kwa wanafunzi.

Alifariki dunia Julai 29, 2007 katika mji wa Long Beach, California, kwa maradhi ya moyo.