Nahodha Aliyesoma Sakafu ya Bahari

Mwezi wa Agosti, 1969, walimwengu wakiwa bado wanashangilia binadamu kutua mwezini, Profesa Harry Hammond Hess alifariki ghafla huko Woods Hole, Marekani, akiongoza mkutano wa wataalamu wa sayansi ya anga. Twaona kuwa jina lake halitajwi inavyostahili, ilhali ndiye aliyetufumbulia jinsi sakafu ya bahari inavyozaliwa.

Hess alizaliwa New York mwaka 1906. Alipohitimu masomo Yale alikuja Afrika, akatafuta madini kwa miaka ipatayo miwili katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Hatimaye akawa mwalimu wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha Princeton.

Vita Kuu ya Pili ilimtoa darasani ikamfanya nahodha wa Cape Johnson, meli iliyochukua askari katika Pasifiki. Meli hiyo ilikuwa na chombo cha kupima kina cha maji kwa mwangwi, ambacho kilikusudiwa kuisaidia ikaribiapo fukwe. Hess alikiacha kikipima mfululizo, hata katika safari za kwenda mapiganoni. Kwa vipimo hivyo na vinginevyo alitambua milima 160 hivi iliyozama, yenye vilele bapa kama meza. Mwaka 1946 alieleza kuwa hivyo ni visiwa vya kale mno vilivyofunikwa na bahari iliyoinuliwa polepole na mashapo. Maelezo hayo hayakuwa sahihi, naye hakuona haya kuyaacha. Kwetu sisi, hilo ni kubwa kuliko ugunduzi wenyewe.

Katika miaka ya 1950 ramani za Marie Tharp na Bruce Heezen zilionyesha safu ya milima chini ya bahari, na kileleni mwake ufa mrefu unaofanana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Tena, mashapo ya sakafuni yalikuwa haba, kana kwamba bahari zimeumbwa juzi. Mwaka 1962 Hess akatoa jibu. Mata yenye joto hupanda kutoka tumboni mwa dunia, hutokea penye ufa na kuwa ganda jipya. Ganda hilo husogea pande zote mbili, na baada ya mamilioni ya miaka hudidimia tena katika mahandaki ya bahari. Bahari basi ni kongwe, sakafu yake ni changa. Alikosea aina ya mwamba, maana sakafu hiyo ni ya basalti, na mwenyewe alikiri kuwa nadharia yake ilikaribia ushairi.

Ushahidi ulitoka katika Bahari yetu ya Hindi. Mwaka 1962 meli ya Kiingereza, Owen, ilipima usumaku kwenye mgongo wa Carlsberg, kaskazini-magharibi mwa bahari hiyo. Mwaka uliofuata Fred Vine na Drummond Matthews walieleza kwamba lava ipoapo hushika mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati huo, na kwa kuwa mwelekeo huo hugeuka mara kwa mara, sakafu huwa na milia sambamba pande mbili za ufa.

Hess alizikwa katika makaburi ya Arlington. Mwaka 1974 wanasayansi wa Ufaransa na Marekani walizama katika vyombo vidogo hadi kwenye ufa wa Atlantiki, wakaiona lava iliyoganda mafungu kwa mafungu, mithili ya mito ya kulalia.