Habari za Seyyida Salme binti Said

Mtu aondokaye Unguja kwa bahari kwenda Aden huiacha Rasi ya Nungwi nyuma yake, na baada ya hapo kisiwa hakionekani tena. Safari ya Aden aliishika Seyyida Salme usiku mmoja wa Agosti 1866, katika manowari ya Kiingereza, Highflyer.

Bibi huyu alizaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Seyyid Said. Alijifunza kuandika kwa siri, maana mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma tu. Na kalamu ile ikamtia katika fitina ya mwaka wa 1859, alipomwandikia nduguye Barghash barua za kumpinga Seyyid Majid. Baadaye mjini alipendana na jirani yake Heinrich Ruete, mfanyi biashara wa Hamburg, akachukua mimba; ikawa hatari kwake kukaa.

Tarehe 30 Mei 1867, katika kanisa la Waingereza huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku ile ile akaolewa. Wengi husimulia siku hiyo kuwa habari ya dini na ndoa tu. Sisi twaona palikuwa na jambo la tatu. Kwa sheria za zamani zile mke aliufuata uraia wa mumewe. Basi aliingia kanisani mtu wa Unguja, akatoka mtu wa Hamburg, na katika ibada yote hapana neno lililotajwa juu ya nchi. Hata mafundisho ya imani aliyoyapata yalikuwa haba. Walimu wetu, wanaowaandaa watu muda mrefu kabla ya kubatizwa, wataelewa uzito wake.

Mumewe alikufa mwaka wa 1870, amekanyagwa na gari la reli lililokokotwa na farasi, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka wa 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, kudai urithi wake. Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua, sasa ndiye Sultani, akakataa kumwona: dada aliyeacha dini na nchi hakuwa na haki tena. Wajerumani nao walimtaja kuwa raia wao maadamu dai lake liliwafaa, kisha wakaliacha.

Alikaa Beirut miaka mingi, akafa Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg kaburini mwa mumewe, pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, uliokutwa katika vitu vyake.