Bibi Rosine Krapf, Mama Aliyelala Nyali

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto shuleni habari za Dr. Krapf, jinsi alivyofika Mombasa mwaka wa 1844, na jinsi alivyouona Mlima Kenya mwaka wa 1849. Mkewe nilimtaja kwa sentensi moja tu. Leo napenda kulilipa deni hilo.

Rosine Dietrich alitoka Basel, Uswisi. Mwaka wa 1842 aliolewa na Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa C.M.S., huko Misri. Walipokuwa wakijaribu kuingia Uhabeshi alijifungua mtoto wa kike njiani, katika nyika ya Washoho. Baba yake alimbatiza, akamwita Eneba, maana yake chozi. Mtoto aliishi saa chache tu, akazikwa chini ya mti kando ya njia. Siku ya tatu mama alilazimika kuendelea na safari, kwa kuwa wenyeji waliowaongoza hawakukubali kungoja zaidi.

Njia ya Uhabeshi ilipofungwa, waligeukia pwani yetu. Walifika Unguja Januari 1844, na mwezi wa Mei wakakaa Mombasa. Bibi Rosine alikuwa mjamzito tena. Mama aliyekwisha kuzika mtoto hahesabu miezi kama wenzake. Kila maumivu ni swali kwake, na kila usiku mtoto akitulia tumboni, usingizi humpaa.

Julai 1844 alizaa binti wa pili. Homa ikamshika, na mumewe pia alikuwa kitandani kwa homa. Katika udhaifu wake Bibi Rosine aliwaombea jamaa zake, mumewe, Afrika Mashariki, hata na Sultani. Kisha akafariki, na baada ya siku chache mtoto akamfuata. Kaburi lao lipo Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Dr. Krapf hakurudi kwao wakati ule. Mwaka wa 1846 yeye na Rebmann walianza kazi Rabai.

Imani ya Bibi Rosine haikumwondolea hatari, wala hofu ya mama mjamzito si dalili ya kukosa imani. Siku hizi tuna kliniki na wakunga, msaada ambao yeye hakuupata. Mama akiona mtoto amepunguza kucheza tumboni, aende hospitali saa ile ile, asingoje kesho, wala asione haya kwamba atasumbua watu. Sala na hospitali huenda pamoja.

Nasi tujihadhari tusiwe kama wale viongozi wa njia. Mama anaporudi nyumbani mikono mitupu, twafanya haraka kumwambia asahau, atapata mwingine. Akishika mimba tena, twamwambia asiogope, kisha twaondoka. Akina mama wa kanisa, mtembeleeni. Mwacheni aseme hofu yake na amtaje mtoto wake kwa jina. Eneba aliishi saa chache, lakini alibatizwa na kupewa jina, na jina hilo tunalitaja hata leo.