Ernst Johanssen: Alianzisha kazi Mlalo, kisha akawa na ujasiri wa kuiacha

Walutheri wa Usambara wanauhesabu mwaka 1891 kuwa mwanzo wa kanisa lao. Mwaka huo Wajerumani wawili, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walipanda milima hadi Mlalo na kufungua kituo cha misheni. Johanssen, aliyezaliwa 1864, hakuwa hata na miaka 30.

Wote wawili walikuwa watu wa mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel, mjini Bielefeld, Ujerumani, mahali palipojulikana kwa kuwatunza wagonjwa wa kifafa. Pale mtumishi hakuishia kuhubiri tu, alihudumia wagonjwa pia.

Mlalo kazi haikuwa lelemama. Milima ilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Kilindi, na Wajerumani wenye bunduki walikuwa wanazidi kujipenyeza. Mwaka 1895 serikali ya kikoloni ilimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Mzungu anayehubiri upendo, angeaminiwaje wakati Mzungu mwenzake ananyonga watu?

Neno tupu lisingejibu swali hilo. Ilibidi kukaa na watu, kujifunza Kisambaa na kuwasikiliza. Hapo ndipo karama ya Johanssen ilipoonekana. Wapo wenye karama ya kuhubiri. Yeye alikuwa na sikio pia. Alitaka kujua watu wanamwitaje Mungu, wanaomba vipi, wanaogopa nini.

Polepole waumini wakapatikana, na baadhi ya Wasambaa wenyewe wakawa walimu na wainjilisti. Kituo kikasimama. Mtu mwingine angesema, sasa nipumzike, nile matunda ya jasho langu.

Johanssen hakupumzika. Mwaka 1907, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, aliondoka Usambara kwenda Rwanda pamoja na mwenzake Gerhard Ritter. Reli ya Kati ilikuwa haijafika hata Tabora. Walikwenda pia Wakristo Wasambaa, na hao mara nyingi husahaulika. Waliacha ndugu na mashamba, wakaenda nchi ambayo lugha yake hawakuijua, iliyokuwa chini ya Mwami Yuhi Musinga. Ujasiri huo haukuwa wa Johanssen peke yake.

Mwaka huohuo wakafungua vituo vya Zinga na Kirinda, na mwaka 1909 kikafuata Rubengera. Kanisa la Presbiteri la Rwanda linaanza historia yake hapo. Mwaka 1910 misheni ya Bethel ikaanza kazi Bukoba pia.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa Rwanda na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Usambara nako utawala ukapita kwa Waingereza, na baada ya vita Wajerumani wakarudishwa kwao. Kazi ya miaka mingi ingeweza kufa. Lakini Usambara, waumini na walimu wenyeji waliendelea kukusanyika, kufundisha na kuomba. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kilichopandwa Mlalo hakikutegemea mtu mmoja.

Johanssen hakukata tamaa. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kuhusu ibada ya mandwa ya Wanyarwanda. Katika miaka hiyo ya 1920 alirudi Afrika, safari hii akafanya kazi Bukoba. Kwa mara nyingine akaanza na watu wapya na lugha mpya, ingawa umri ulikuwa umeshasogea. Alifariki mwaka 1934.

Wengi tunapima ujasiri wa imani kwa yule anayefika mahali pagumu. Maisha ya Johanssen yanaonyesha upande wa pili: kuna ujasiri wa kuondoka, kuwaachia wengine kazi uliyoipenda na kuamini kwamba nao wamepewa karama. Swali linabaki kwa kila mwenye huduma, iwe kwaya, shule ya Jumapili au usharika mzima: ukiondoka leo, yupo uliyemwandaa?