Muhammed Said Abdulla na Lugha ya Uhalifu

Mwanafunzi anayepanda matatu kutoka Loresho kuelekea katikati ya jiji la Nairobi aghalabu husikia askari polisi akiitwa karao. Jijini London askari huyo alipewa jina la utani Bobby, linalonasibishwa na Robert Peel, mwasisi wa polisi wa jiji hilo mwaka wa 1829. Wajerumani nao humwita fahali. Hivyo, anayefasiri hadithi ya uhalifu kutoka Kiingereza hadi Kijerumani hulazimika kumtoa Bobby na kumwingiza fahali. Anayeifasiri kwa Kiswahili ana kazi ngumu zaidi: akiandika askari, mwizi wake atasema kama karani wa mahakama, akiandika karao, London itageuka River Road. Mtanziko huu ndio unaotufanya tuyadurusu maisha ya Muhammed Said Abdulla, mtunzi aliyeuleta upelelezi wa Kiingereza katika Kiswahili bila kuufasiri.

Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Alihitimu masomo katika shule ya misheni mwaka wa 1938, kisha akaajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya. Mwaka wa 1948 aliingia katika uandishi wa habari akiwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika mwongo uliofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka wa 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akadumu nalo kupitia uhuru wa Desemba 1963 na Mapinduzi ya Januari 1964, hadi alipostaafu mwaka wa 1968. Si ajabu, basi, kwamba aliifahamu lugha ya watu wa kila tabaka: kazi zake zote zilimtaka aandikie umma au akutane nao.

Jina lake lilivuma kupitia Nairobi. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa jijini humo mwaka wa 1948, liliandaa mashindano ya utunzi wa hadithi za Kiswahili ya 1957-58, na Abdulla akaibuka mshindi wa kwanza. Hadithi hiyo, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka wa 1960. Ndani yake wasomaji walikutana na Bwana Msa, mpelelezi asiye askari, mvutaji wa kiko, anayefuatana na rafiki yake Najum. Msomaji wa Arthur Conan Doyle hakukawia kuwatambua Sherlock Holmes na Watson.

Ni kutokana na ufanano huo ambapo baadhi ya wahakiki wamemwona Abdulla kuwa mwigaji tu. Rai hii ina chembe ya ukweli, lakini haitoshelezi. Kiko kilitoka Uingereza. Usemi haukutoka huko. Abdulla hakujaribu kuyatafutia visawe maneno ya wahalifu wa London. Alijiuliza uhalifu hujificha wapi katika mazungumzo ya Waunguja, akagundua kwamba hujificha katika hofu ya mizimu na uchawi, katika fumbo, na katika yale yasiyosemwa hadharani kuhusu ndoa na nasaba.

Ushahidi wa hayo umo katika anwani zenyewe. Mzimu ni mahali pa kuogopwa, na anayetaka kuficha mauaji hahitaji pazia zito kuliko hilo. Kisima cha Giningi (1968) inataja makao ya wachawi katika imani za Waunguja. Duniani Kuna Watu (1973), iliyochapishwa Nairobi, ni usemi wa mtu anayestaajabia tabia za binadamu. Mke Mmoja Waume Watatu (1975) inapindua desturi iliyozoeleka, na msomaji anahisi pana jambo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Zilikuwako pia Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Katika riwaya hizi Bwana Msa hutegua kitendawili kwa akili, pale ambapo wengine wamekwisha kuridhika na neno mzimu.

Hata hivyo, haitufai kuyakopa maneno yake yalivyo. Kiswahili cha Unguja alichokiandika hakimwelei mporaji wa Nairobi, wala mporaji huyo hakimwelei. Mwaka wa 1965 Faraji Katalambulla aliandika Simu ya Kifo, na tayari simu ilikuwa imechukua nafasi ya mzimu. Kinachofaa kukopwa ni mbinu: kutouliza neno la Kiingereza linaitwaje kwa Kiswahili, bali kuuliza mwenye Kiswahili, akiwa na jambo la kuficha, angesemaje.

Abdulla aliaga dunia mwaka wa 1991. Hadi leo wapo wanaodai kwamba Kiswahili sanifu hakiwezi kubeba usemi wa wahuni pasi na kukopa Kiingereza, na wapo pia wanaoitazama Sheng kama takataka isiyostahili kuingia darasani. Maisha ya mhariri huyu wa Mkulima yanawasuta wote wawili. Lugha ya kufasiria uhalifu imo vinywani mwa watu. Mfasiri hana budi kushuka na kuisikiliza, hata kama ni ndani ya matatu ya Loresho.