RICHARD MARTIN, MTETEZI WA WASIOSEMA

Ndugu msomaji, bila shaka unaijua methali isemayo: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Methali hii inatukumbusha jinsi punda anavyotumikishwa. Hubeba mizigo, hupigwa, huota vidonda mgongoni. Lakini hawezi kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushtaki.

Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyeshtaki kwa niaba ya punda. Jina lake lilikuwa Richard Martin. Alisaidia kuweka sheria iliyowalinda ng'ombe, farasi, punda na kondoo dhidi ya ukatili. Alipoanza kazi hiyo watu walimcheka. Soma uone mambo yaliishaje.

1. Kijana mkali

Richard Martin alizaliwa mwaka 1754 huko Ayalandi, kisiwa kilicho jirani na Uingereza. Baba yake alikuwa na ardhi kubwa sana huko Connemara, upande wa magharibi. Zamani hizo Ayalandi ilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza, na Mkatoliki hakuruhusiwa kuwa mbunge. Ukoo wa Martin ulikuwa wa Kikatoliki. Lakini baba yake alimlea katika dini ya Kiprotestanti ili siku moja aweze kuingia Bungeni. Alimpeleka Uingereza kusoma katika shule ya Harrow, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge.

Usidhani kwamba Martin alikuwa mtu mpole. Wakati huo, mabwana wakubwa walipokoseana heshima, walipigana watu wawili kwa silaha mpaka mmoja aumie au afe. Martin alipigana hivyo mara nyingi, kwa upanga na kwa bastola. Watu walimwogopa.

Palikuwa na bwana mmoja mkorofi aliyeitwa George FitzGerald. Siku moja bwana huyo alimpiga risasi mbwa wa rafiki yake Martin, akamwua. Mbwa yule hakuwa na kosa. Martin hakusahau jambo hilo. Baadaye yeye na FitzGerald walipigana kwa bastola katika mji wa Castlebar. Hakuna aliyekufa.

Hivyo ndivyo Martin alivyokuwa katika ujana wake: mtu wa hasira na silaha. Lakini kadiri miaka ilivyopita alijifunza njia nyingine ya kumtetea mnyama. Njia hiyo ni sheria.

2. Hali ya wanyama zamani hizo

Wakati huo hapakuwa na magari ya moshi wala malori. Katika mji wa London farasi walivuta magari ya watu na ya mizigo. Punda walivuta mikokoteni ya wachuuzi. Katikati ya mji palikuwa na soko kubwa la mifugo lililoitwa Smithfield. Ng'ombe na kondoo waliswagwa kutoka mbali, wakapitishwa katika njia nyembamba zilizojaa watu. Walipochoka walipigwa ili waendelee.

Tena palikuwa na michezo ya ukatili. Watu walimfunga fahali kwenye kigingi, kisha wakamwachia mbwa wakali wamrarue. Watazamaji walishangilia.

Mtu aliyempiga punda wake mpaka akaanguka hakuwa amevunja sheria yoyote. Kwa nini? Watu wengi walitoa sababu mbili. Ya kwanza, mnyama ni mali, na mtu ana haki ya kufanya apendavyo na mali yake. Ya pili, mnyama hana akili, wala hasikii maumivu kama binadamu.

Ndugu msomaji, wewe unayefuga unaweza kuzipima sababu hizo. Ng'ombe wako anaijua sauti yako. Punda anaikumbuka njia ya kisimani hata usipomwongoza. Ukiinua fimbo, mnyama aliyezoea kupigwa huanza kutetemeka kabla hujampiga. Jembe nalo ni mali, lakini jembe halitetemeki.

3. Sheria ya mwaka 1822

Martin aliingia Bunge la Uingereza akiwa mbunge wa Galway. Mwaka 1809 bwana mmoja aliyeitwa Erskine alikuwa ameleta muswada wa kuwalinda wanyama, lakini ulishindwa. Mwaka 1821 Martin alileta muswada wake. Wabunge wengi waliona ni jambo la mzaha. Ilipotajwa kwamba punda nao walindwe, walicheka sana. Wengine walidhihaki kwamba baada ya punda watafuata mbwa, na baada ya mbwa watafuata paka. Mwaka huo muswada haukuwa sheria.

Martin hakukata tamaa. Mwaka uliofuata, yaani 1822, aliuleta tena. Safari hii ulipita. Sheria ilisema kwamba ni kosa kumpiga au kumtesa kikatili farasi, nyumbu, punda, ng'ombe au kondoo. Mkosaji alitozwa faini isiyopungua shilingi 10 na isiyozidi pauni 5. Aliyeshindwa kulipa aliweza kufungwa mpaka miezi mitatu.

Fikiri juu ya sheria hii. Haikumnyang'anya mtu ng'ombe wake. Haikumkataza kumfunga nira wala kumchinja. Ilisema tu kwamba kuwa na mnyama si ruhusa ya kumtesa. Umiliki uliwekewa mpaka.

4. Punda mahakamani

Martin alijua kwamba sheria iliyoandikwa kwenye karatasi haimlindi mtu wala mnyama. Ni lazima itumike. Hivyo alitembea mwenyewe katika mitaa ya London na katika soko la Smithfield. Alipomwona mtu akimtesa mnyama, alimpeleka kwa hakimu. Mwaka huohuo wa 1822 watu wawili walioshtakiwa kwa kuwapiga farasi walitozwa faini ya shilingi 20 kila mmoja.

Kuna kesi moja inayosimuliwa mpaka leo. Mchuuzi mmoja alishtakiwa kwa kumpiga punda wake. Inasimuliwa kwamba watu mahakamani hawakuijali kesi hiyo. Martin akatoka nje, akamwingiza punda mwenyewe ndani ya mahakama ili hakimu avione vidonda vyake. Punda hakusema neno, lakini vidonda vilitoa ushahidi. Mchuuzi alitozwa faini. Mchoraji mmoja alichora picha ya kesi hiyo.

Lakini tusifiche ukweli. Walioshtakiwa wengi walikuwa maskini: wachunga ng'ombe, wachuuzi na waendesha magari. Matajiri waliowinda mbweha kwa mbwa hawakuguswa na sheria hii. Watu waliuliza kama hiyo ni haki, na swali lao lilikuwa la maana. Inasemekana kwamba mara nyingine Martin alitoa fedha zake mwenyewe kuwasaidia maskini kulipa faini. Alitaka ukatili ukome, hakutaka watoto wa mkosaji walale njaa.

Mahakama pia ziliamua kwamba fahali hamo katika sheria hiyo. Martin alileta miswada mingine ili kukomesha michezo ya fahali na mbwa. Bunge liliikataa.

5. Chama kinazaliwa

Mtu mmoja hawezi kulinda wanyama wa nchi nzima. Tarehe 16 Juni 1824 watu kadhaa walikutana katika nyumba moja ya kahawa huko London. Waliunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Aliyewaita alikuwa mchungaji wa kanisa aliyeitwa Arthur Broome. Martin alikuwapo. Alikuwapo pia William Wilberforce, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Wilberforce hakuona kwamba kumhurumia mnyama ni kumsahau mwanadamu.

Martin naye alikuwa hivyo. Alitaka Wakatoliki wapewe haki sawa na watu wengine. Alipinga adhabu ya kifo kwa watu walioghushi hati.

Mwanzo wa chama ulikuwa mgumu. Fedha hazikutosha, na mwaka 1826 Broome alifungwa kwa sababu ya madeni ya chama. Hata hivyo chama hakikufa. Mwaka 1840 Malkia Victoria alikipa heshima ya kuitwa chama cha kifalme. Mpaka leo kipo.

6. Mwisho wa maisha yake

Martin alikuwa mkarimu kupita kiasi, na madeni yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1827 alipoteza kiti chake Bungeni kwa sababu ya malalamiko juu ya uchaguzi wake. Wakati huo mbunge hakuweza kukamatwa kwa deni, bali asiye mbunge aliweza. Martin alikimbilia Ufaransa, akakaa katika mji wa Boulogne. Alifariki huko tarehe 6 Januari 1834, karibu afikishe miaka 80.

Mwaka mmoja baadaye, 1835, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya. Fahali na mbwa walilindwa, na mchezo wa fahali ukapigwa marufuku. Martin hakuiona siku hiyo. Aliyoyataka yalitimia yeye akiwa kaburini.

7. Nasi je?

Sheria za namna hii zimeenea katika nchi nyingi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Lakini katika kijiji, askari hayupo kila mahali penye mkokoteni. Anayemwona mnyama kila siku ni wewe.

Kabla ya kumfunga maksai nira, tazama shingo yake. Kama ana kidonda, mpumzishe na umtibu. Usimpandishie punda mzigo unaomlemea. Mpe maji wakati wa jua kali. Ng'ombe anayekamuliwa kwa vurugu na vipigo huzuia maziwa, bali anayetulizwa huyaachia.

Husemwa kwamba asante ya punda ni mateke. Lakini kabla ya kumlaumu punda, mtu ajiulize kwanza yeye amempa punda nini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Watu wa zamani walitoa sababu gani mbili za kukataa kuwalinda wanyama?
2. Kwa nini Martin alimwingiza punda mahakamani?
3. Je, ilikuwa haki maskini kushtakiwa na matajiri wenye kuwinda kuachwa? Toa maoni yako.
4. Katika kijiji chenu, ni wanyama gani wanaofanya kazi? Darasa lenu linaweza kufanya nini ili watunzwe vizuri zaidi?