Habari za Cicero wa Roma

Marcus Tullius Cicero alizaliwa mwaka 106 kabla ya kuzaliwa Kristo, katika mji wa Arpinum, nchi ya Italia. Msomaji akumbuke kwamba miaka iliyo kabla ya Kristo huhesabiwa kwa kushuka. Jamaa zake walikuwa na mali kiasi, lakini hapana hata mmoja wao aliyepata kuwa mkuu katika Roma. Cicero hakupanda kwa upanga. Alipanda kwa elimu na kwa ulimi wake, akiwatetea watu mbele ya waamuzi, hata mwaka 63 akawa mmoja wa makonsuli wawili walioongoza dola kwa muda wa mwaka.

Siku zile Roma haikuwa na mfalme. Lakini majeshi yalikuwa yamezoea kuwatii majemadari kuliko sheria, na mwisho Julius Caesar akaishika dola yote mkononi mwake. Tarehe 15 Machi mwaka 44, watu wa baraza la wazee, wakiongozwa na Brutus na Cassius, walimwua kwa majambia. Cicero hakuwamo katika shauri lao, walakini alifurahi, akidhani uhuru wa zamani umerudi.

Haukurudi. Baada ya siku mbili baraza likakubali, kwa shauri la Cicero, kwamba wauaji wasihukumiwe. Lakini Caesar alipozikwa, watu wa mji waliwaka hasira, na wauaji wakaona heri kuondoka. Konsuli Antonius akazidi kupata nguvu. Ndipo Cicero, mzee wa miaka 62, alipoanza kutunga hotuba zake 14 za kumpinga.

Maneno bila askari hayakutosha. Basi akamtegemea Octavianus, kijana wa miaka 19, ambaye Caesar alimfanya mwanawe katika wasia. Akamsifu barazani, hata akapewa amri ya jeshi, ingawa umri wake haukumruhusu. Hapo Cicero alijikwaa: alitaka kuiokoa sheria kwa kuivunja.

Mwaka 43 Antonius alishindwa karibu na Mutina, lakini makonsuli wote wawili walikufa. Octavianus akaingia Roma na majeshi yake, akatwaa ukonsuli, kisha akapatana na Antonius na Lepidus. Watatu hao wakaandika orodha ya watu wa kuuawa, na Cicero alikuwamo. Tarehe 7 Desemba askari walimkuta karibu na Formiae, akichukuliwa kwa machela kwenda pwani, wakamwua. Kichwa chake kikawekwa jukwaani katika uwanja mkuu wa Roma, mahali pale alipozoea kusema na watu.

Octavianus huyo ndiye Kaisari Augusto, atajwaye na Luka kuwa alitoa amri watu wote waandikwe. Alileta amani, lakini uhuru aliouhangaikia Cicero haukuonekana tena. Wauaji wa Caesar walimwondoa mtu mmoja tu. Desturi ya kuutii upanga kuliko sheria waliiacha palepale, nayo ikamla hata yule aliyewashangilia.